Kwale Weupe na Ndege Isiyo na Breki

Rubani wetu aliiona theluji aliyoitaka, akashusha ndege mpaka skii, zile bapa ndefu za kutelezea thelujini, zikagusa chini, lakini hakusimama. Alizikokota skii juu ya theluji kwa masafa ya viwanja viwili vitatu vya mpira, injini ingali inanguruma, kisha akavuta usukani tukapaa tena. Mimi niliyekuwa kiti cha nyuma nilidhani ameghairi. Tulipozunguka juu ya bonde alilaza bawa upande wangu, akaniomba nizitazame zile alama mbili alizoziacha. Zimebaki nyeupe, au zimeanza kugeuka kijivu? Zikigeuka kijivu, aliniambia, jua kuna maji yaliyojificha chini ya theluji, na mahali hapo hatutui. Nilitazama nikamwambia ni nyeupe. Hakunitegemea mimi, bila shaka. Aliinama akatazama mwenyewe, akazunguka mara nyingine, ndipo akatua juu ya alama zake.

Ilikuwa mwisho wa mwezi wa tatu, Anchorage ya Alaska tumeiacha ng'ambo ya maji, na tulichokifuata huko milimani ni kwale.

Mimi ni fundi wa injini za baharini. Nimezaliwa Kibokoni, Mji wa Kale, na theluji pekee niliyokuwa nimeiona maishani ni ile ya Kilimanjaro, dirishani mwa ndege ya Nairobi, asubuhi ambayo mawingu yamekubali kupisha. Aliyeniita Alaska ni mwana wa khalati yangu, aliyehamia huko miaka mingi iliyopita na sasa anapakia mizigo kwenye madege ya shehena. Mizigo ya Asia kwenda Amerika hupita uwanja wa Anchorage, madege yakitua kujaza mafuta usiku na mchana, na mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa habari za mji unaoishi kwa shehena za wengine. Rubani wetu ni jirani yake, mzee wa Kimarekani, mstaafu, mwenye Cessna 180 yake mwenyewe. Huku ukisikia mtu ana ndege unamfikiria tajiri mwenye kasri Nyali. Kule ni jambo la kawaida kiasi, kwa kuwa sehemu kubwa ya jimbo haina barabara. Hata Juneau, ambako gavana na bunge wanakaa, hufiki kwa gari kutoka mji mwingine. Unakwenda kwa meli au unaruka.

Majira yale wenyewe huyaita ya kuchipua, ingawa sikuona kilichochipua. Theluji ilikuwa bado imejaa kila mahali. Kilichobadilika ni jua. Mwishoni mwa Machi, Anchorage, mchana huongezeka kwa zaidi ya dakika tano kila siku inayopita. Sisi ambao magharibi huadhiniwa karibu saa ile ile mwaka mzima, jambo hilo linatutia kizunguzungu: unatazama ratiba ya sala ya wiki iliyopita na haifai tena. Kwa rubani wa skii, huo ndio wakati mzuri wa mwaka. Mwanga upo wa kutosha, baridi imepungua makali, na theluji imekaa, imejishikilia, haipeperuki ovyo.

Ndege yenyewe ni ya muundo uliotoka kiwandani tangu 1953 hadi 1981, injini moja, gurudumu dogo mkiani. Kila gurudumu la mbele limepitishwa katikati ya skii yake, na rubani ana mkono wa pampu ya haidroliki pembeni mwa kiti: akiupiga pampu, skii hushuka chini ya magurudumu kwa ajili ya theluji, akizipandisha, magurudumu hutokeza kwa ajili ya lami. Kama fundi niliipenda pampu hiyo papo hapo. Mafuta, silinda, valvu, mkono wa mtu, basi. Kisichokuwepo ni breki. Ukishatua kwa skii huna cha kukanyaga; utasimama pale theluji na mlima vitakapokusimamisha. Kwa hiyo hutua wakielekea juu ya mteremko na huruka wakielekea chini, hata upepo ukiwa na maoni mengine kidogo.

Kabla ya kuondoka mzee alifungua sehemu ya mizigo akanionyesha mabegi yaliyokuwa nyuma kabisa. Nilidhani ni zana za kuwindia. Sheria ya Alaska wakati ule ilimtaka rubani anayeruka ndani ya jimbo abebe chakula cha kumtosha kila mtu kwa wiki nzima, shoka, kisu, kisanduku cha huduma ya kwanza, ndoano na nyuzi za kuvulia, kitu cha kuwashia moto, vifaa viwili vya kutoa ishara, na chandarua cha kichwani cha kuzuia mbu kwa kila abiria. Kisha, baina ya tarehe 15 Oktoba na tarehe 1 Aprili, uliongezwa mfuko wa kulalia na viatu vya kutembelea juu ya theluji. Chandarua cha mbu ndicho kilichonichekesha. Mombasa tunalala ndani ya chandarua, lakini sijawahi kuona sheria inayomtaka mtu akivae kichwani. Mzee hakucheka. Aliugusa mfuko mmoja mmoja huku akivitaja vitu kwa jina, nami nikaacha kucheka.

Kusafiri kutoka Anchorage kwenda milima ya magharibi unavuka mkono wa bahari uitwao Cook Inlet. Hapo ndipo nilipojikuta nyumbani kidogo. Maji ya pale hupanda na kushuka kupita kiasi: bamvua likikaza, tofauti ya kujaa na kupwa huzidi mita 9. Kwetu Kilindini tukiona mita tatu na kitu tunasema maji yamekwenda. Na pale yalikuwa yamebeba mapande ya barafu, makubwa kuliko matatu ya Likoni, yanapelekwa na mkondo kwenda bara na kurudi. Kando yake ni matope ya kijivu, unga wa mawe uliosagwa na barafu za milimani, yanayoonekana magumu na kummeza mtu mguu mpaka gotini. Nilimwambia mzee kwamba sisi pia tuna matope, kule mikokoni Tudor na Port Reitz, na kwamba nahodha wa kwetu haingii mkono wa maji kabla ya kujua atatoka na maji gani. Akanijibu kwamba basi nusu ya kazi yake naijua.

Baadaye ndipo aliponisimulia habari za Bob Reeve. Huyu alikuwa rubani wa Valdez, mji wa bandari, katika miaka ya 1930, akipeleka wachimba dhahabu na vifaa vyao juu ya mito ya barafu milimani. Kiangazi kilimpa taabu ya ajabu. Juu milimani theluji ipo mwaka mzima, lakini chini pwani imeshayeyuka, na ndege iliyofungwa skii haina pa kurukia. Reeve akazifunika skii kwa bati la chuma cha pua, akawa anarukia na kutua kwenye matope ya ufukweni maji yakishapwa. Hebu fikiri: mtu wa ndege anayepanga safari zake kwa ratiba ya kujaa na kupwa! Ningempeleka mtu huyo kwa manahodha wa Lamu, wangeelewana bila mkalimani.

Mwaka 1937 Reeve aliwapeleka wapanda milima wawili, Bradford Washburn na Bob Bates, kwenye barafu ya Walsh, mpakani mwa Alaska na Kanada, ili waupande mlima Lucania wenye zaidi ya mita 5,200 ambao hakuna aliyekuwa ameufikia kilele. Joto lilikuwa limepanda. Ndege ilitua salama, halafu ikazama katika theluji iliyogeuka rojo. Reeve alikaa kule siku kadhaa akisubiri baridi irudi igandishe ule uwanja, akaipunguza ndege kila kitu kisicho na ulazima, na alipofaulu kuruka hakuthubutu kurudi kuwaleta wenzao waliokuwa wakingoja pwani. Washburn na Bates wakabaki wawili. Waliupanda Lucania, wakafika kileleni, wa kwanza kabisa, kisha wakatoka kwa miguu, zaidi ya kilomita 150 za barafu, milima na mito iliyofurika. Watu husimulia kisa hiki kwa ajili ya kile kilele. Mimi fundi nilibaki na Reeve amekaa ndani ya ndege iliyozama, anaingojea baridi.

Ndiyo maana sikushangaa sana na alichofanya mzee wetu baada ya kutua. Nilikuwa nimeshaweka mkono kwenye mfuko wa bunduki. Yeye hakuzima injini kwanza. Aliigeuza ndege mpaka pua ikaelekea chini ya mteremko, njia ile ile tutakayoondokea, ndipo akasimama. Akamtuma mwana wa khalati ashuke na furushi la matawi ya misonobari tuliyotoka nayo, ayatandaze mbele ya skii, kisha akasogeza ndege kidogo tu mpaka ikapanda juu ya matawi. Sababu yake ni hii: skii ikiteleza hupata joto kwa msuguano, joto huyeyusha theluji iliyo chini yake, na ukisimama maji hayo huganda na kuishika skii ukashindwa kuing'oa. Matawi huiweka juu. Baada ya hapo akaifunika injini kwa blanketi nene lililoshonwa kwa umbo la pua ya ndege, isipoe. Mwisho sote watatu tukavaa viatu vile vipana vya thelujini tukaanza kukanyaga: kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, bega kwa bega, tukishindilia njia ya kurukia. Theluji iliyokanyagwa ukiiacha saa chache hujishika ikawa ngumu.

Jua lilikuwa limeshapanda na bado hatujamtafuta kwale hata mmoja.

Ndege tuliyemfuata ni yule aitwaye ptarmigan. Nitamwita kwale wa theluji, maana ukimwona umbo lake utamwita hivyo hivyo: kifua cha duara, kichwa kidogo, mbio za miguu kabla ya mbawa. Ziko jamii tatu, na Alaska inazo zote. Aliye wengi ni yule anayekaa kwenye vichaka vya mierebi, ambaye Alaska ilimfanya ndege wake rasmi mwaka 1955, kabla haijawa jimbo. Kuna kijiji huko kiitwacho Chicken, na kisa wanachokipenda kukisimulia ni kwamba wachimba dhahabu walitaka kukipa jina la ndege huyu, wakashindwa kukubaliana jinsi ya kuliandika, wakaona kuku watatosha.

Kiangazi ana rangi ya kahawia na madoa. Baridi ikija hugeuka mweupe pepe, isipokuwa jicho, mdomo, na manyoya meusi ya mkiani ambayo huyaoni mpaka aruke. Madume huanza kuingia wekundu wa kutu kichwani na shingoni machipuko yakikolea, lakini wetu walikuwa bado weupe. Miguu yake imeota manyoya mpaka kwenye vidole, kwa hiyo anatembea juu ya theluji laini bila kuzama. Akilala hujichimbia ndani ya theluji yenyewe, na mara nyingine huruka akajitosa ndani moja kwa moja kutoka angani, ili mbweha asikute nyayo za kumfikisha kitandani kwake. Jambo hilo la mwisho nililisikia nikalitilia shaka, mpaka nilipoonyeshwa tundu safi kwenye theluji tambarare, halina unyayo hata mmoja unaoliendea, na kinyesi kidogo ndani.

Tulifuata kijito kilichoganda chini ya bonde. Mwana wa khalati alikuwa mbele, na kila mara alisimama kunionyesha: hapa wamepita, hapa wamedonoa ncha za vijiti. Chakula chao cha baridi ni machipukizi ya mierebi, na kichaka walichokilia hujulikana, vijiti vyake vimekatwa kwa usawa wa shingo ya ndege. Kisha akanishika mkono. "Tazama kichaka kile." Nilitazama. Theluji na vijiti. "Tazama tena, ndugu yangu." Nikaona nukta nyeusi. Nikaona ya pili karibu yake. Halafu, bila kitu chochote kusogea, kichaka chote kilikuwa na macho.

Waliruka pamoja, kwa sauti ya kukaripia kooni, karibu na kicheko cha mtu mwenye mafua. Bunduki zetu zilikuwa za marisau, zile chembe ndogo ndogo zinazotawanyika. Nilikuwa nimefundishwa kushika bunduki kwenye uwanja wa shabaha siku za kabla, na nimekata leseni ya uwindaji, kwa sababu sheria ya Marekani haimruhusu mgeni mwenye viza ya matembezi kushika silaha ila kwa visababu vichache, na leseni hiyo ni kimojawapo. Nilikosa, nikapata, nikakosa tena. Mwana wa khalati hakosi sana. Kila alipofyatua nilimsikia, kwa sauti kubwa kabisa katika bonde lile tupu: "Bismillahi, Allahu Akbar!" Kwale mmoja alianguka na bawa lililovunjika, yu hai, akakimbia. Tulimkimbilia na viatu vile vya ajabu, tukianguka na kuinuka, mpaka tukamkamata akachinjwa kwa kisu.

Mzee aliwinda pia, lakini si kama sisi. Hakwenda mahali ambapo haioni ndege yake. Mara tatu kwa nne kichwa chake kilikuwa kimeinuliwa, akitazama jua, kilele, na mawingu upande wa bahari. Wingu jepesi likifunika jua, alinieleza, theluji hupoteza vivuli vyote. Juu na chini vinakuwa kitu kimoja cheupe, na rubani hawezi kujua kama ardhi iko mita 50 chini yake au mita 2. Ndiyo sababu nyingine ya yale matawi: mtu akilazimika kutua katika hali hiyo hutupa matawi meusi kwanza ili jicho lipate cha kushika. Kwale wake aliwatia mfuko wa peke yake bila kuambiwa. "Hawa wangu, hao wenu," alisema. Baadaye nilijua kuwa amekuwa akifanya hivyo tangu alipoanza kuwinda na mwana wa khalati, na kwamba hapajawahi kuwa na mazungumzo marefu juu yake.

Adhuhuri tuliisali kando ya bawa. Tulipaka maji juu ya viatu, kama ruhusa ilivyo kwa aliyevaa khufu, yaani viatu vinavyofunika vifundo vya miguu, maji ya chupa niliyokuwa nimeificha ndani ya koti yasigande. Nilimwuliza mwana wa khalati kibla kiko wapi, akanyosha mkono kaskazini. Nikasema, mbona kama nyumbani? Na kweli. Mombasa na Makka ziko karibu mstari mmoja wa kusini na kaskazini, ndiyo maana kwetu tunaelekea kaskazini karibu kamili. Na Anchorage, kwa kuwa njia fupi ya kuizunguka dunia hupitia karibu na Ncha, kibla chake pia ni kaskazini, kimeinama kidogo tu magharibi. Nimesafiri kote huko nikaelekea upande ule ule ninaouelekea msikitini kwetu. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi kuliko nilivyowafikiria kwale.

Tulikuwa hatujamaliza chai mzee aliposema twende. Kulikuwa na kwale wengine, tuliwasikia, mwana wa khalati akaomba muda kidogo. Mzee akachukua theluji mkononi akaifinya. Ikashikana donge. Asubuhi ilikuwa ikimwagika mkononi kama mchanga. Jua likishailainisha hivyo, theluji huikamata skii, na ndege inayohitaji mwendo kasi wa kuruka haiupati. Ukiongeza na mteremko wenye jua juu yetu, ambao ukilegea unaweza kuporomoka, hapakuwa na la kujadili. Tuliondoa blanketi la injini. Mwana wa khalati akashika mkia akaisukuma ndege kushoto na kulia mpaka skii zikaachana na matawi, tukayakusanya matawi, tukapanda. Ile njia tuliyoishindilia asubuhi ilikuwa imekauka ngumu katikati ya theluji laini. Mzee aliifuata hadi mwisho wake kabisa, na nilihisi skii zikiacha theluji, zikairudia, zikaiacha.

Nilirudi Kenya, na kutoka Nairobi nilichukua treni. Iliposimama Voi nilimkumbuka Denys Finch Hatton. Watu wa Pwani wengi hawajui kuwa mwindaji huyu wa Kiingereza alikuwa na nyumba Takaungu, na kwamba alikuwa miongoni mwa wa mwanzo hapa kwetu kuitumia ndege kutafuta makundi ya ndovu kwa ajili ya wawindaji. Tarehe 14 Mei 1931 aliruka kutoka uwanja wa Voi na Gipsy Moth yake, pamoja na mtumishi wake Kamau. Ndege ilianguka pale pale karibu na uwanja ikashika moto, wakafa wote wawili. Rubani Beryl Markham naye akaja kufanya kazi hiyo hiyo ya kuwatafuta ndovu kutoka angani katika miaka iliyofuata. Ndovu hakuwa na njia: akijificha mtu wa miguu asimwone, ndege itamwona, na wenye bunduki wataambiwa yuko wapi.

Alaska wameziba tundu hilo kwa sheria ambayo naiona ya busara. Ukishapanda ndege, wanyama wakubwa walio wengi huruhusiwi kuwapiga siku hiyo hiyo. Ungoje mpaka saa tisa usiku ipite. Kwale hahusiki, maana sheria hiyo ni ya wanyama wakubwa. Sisi Kenya tulifunga mlango karibu wote mwaka 1977, tukaharamisha uwindaji wa michezo, na sioni haja ya kuufungua. Nimeuona uwindaji mahali penye watu wachache, ndege wengi na askari wa wanyama anayeheshimiwa. Ukiniambia tulete mambo hayo Shimba Hills, pale penye kwale wetu wenyewe, nitakuwa wa kwanza kukataa.

Na hesabu? Nimeulizwa hesabu na kila mtu. Ndege ya namna ile hunywa lita 45 au zaidi za petroli kwa saa. Gawa kwa vifua vya kwale utapata nyama ya bei ya kichaa. Mzee mwenyewe anakiri. Anasema hulipia milima, kwale ni kisingizio cha kumfanya ashuke ndegeni. Mimi naona kinyume kidogo: bila kwale asingekuwa na sababu ya kutua, na kutua ndiko kulikomfanya ajue theluji kiasi kile. Anayeruka juu tu akatazama na kurudi hahitaji kujua kitu.

Tuliwapika nyumbani kwa mwana wa khalati. Nyama ya kwale wa theluji ni nyeusi, karibu rangi ya maini, haina mafuta, na ukiisahau motoni inakuwa kanda la ndara. Huku na huku tukaamua kuwafanya wa kupaka. Vifua tuliviroweka kwa ndimu, kitunguu thomu, tangawizi na pilipili, vikapita juu ya makaa kwa muda mfupi tu nje kwenye ubaridi, nami ndani nikachemsha tui na manjano mpaka likawa zito, nikavipaka na kuvirudisha motoni mara moja. Mapaja tulitia mchuzi, maana hayo yanataka subira. Mzee alikuja na mkewe. Alikula akanyamaza, akaomba tena, kisha akauliza kama kitu kile kinaweza kufanywa kwa samoni. Watoto wa mwana wa khalati walikula viazi.

Barzani kwetu mambo hayakwenda rahisi hivyo. Nilipofika kwenye marisau, mzee mmoja aliniweka kituo. Akaleta hadithi ya Adi bin Hatim, alipomwuliza Mtume kuhusu kuwinda kwa mi'radh, lile fimbo la kurusha: kilichochomwa kwa ncha ukile, kilichopigwa kwa ubavu usikile, maana kimekufa kwa kipigo. Sasa marisau, akasema, yachoma au yapiga? Mwengine akasema yachoma, yaingia ndani na damu yatoka, na wanazuoni wengi wa zama hizi wameihalalisha risasi kwa hoja hiyo. Wa tatu akasema chembe ndogo hivyo, huenda ndege kafa kwa kishindo. Nikawaambia wengi tuliwakuta wametobolewa, na yule aliyekuwa hai tulimchinja. "Na Bismillahi mlitaja?" Tulitaja, bonde zima lilisikia. Mjadala ukafika kwenye kahawa ya pili, ukahamia kwa Shafii na tofauti yake na Hanafi juu ya aliyeacha kutaja kwa makusudi, na mimi nikawa nimesahaulika kabisa.

Ami yangu alikuwa kimya muda wote huo, anazungusha kikombe chake. Mwishowe akaniuliza tui nililipata wapi, huko Alaska.

"La kopo, ami."

"Ah," akasema, akiwageukia wenzake. "Basi nyie mwabishana bure. Penye shaka ni hapo."